Mnamcheka Nani? Somo juu ya Picha ya "The Inspector General" na Mchezo wa Gogol

Siku ya Ijumaa kabla ya mitihani ya nusu muhula, wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne walikusanyika ukumbini kutazama picha ya sinema iitwayo The Inspector General, yaani Mkaguzi Mkuu. Picha hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1949, na mchekeshaji aliyeshika nafasi ya kwanza ni Danny Kaye. Kicheko kilikuwa kikubwa hata mlinzi wa lango akaja kuchungulia dirishani aone kuna nini.

Picha ilipokwisha niliwauliza wanafunzi swali moja: "Ni nani katika picha hii anayefanana nasi?" Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akasimama akasema, "Georgi, Mwalimu." Wenzake wote wakaitikia kwamba ndivyo. Georgi ni yule kijana maskini, mwenye moyo safi, anayedhaniwa kuwa mkaguzi.

Sikumpinga siku ile, lakini jibu lake lilinikaa moyoni. Picha hii imetokana na mchezo wa kuigiza wa Kirusi, na katika mchezo huo Georgi hayumo kabisa. Mtu mwema kama yeye hayumo hata mmoja. Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike somo la muhula huu, niliona yafaa nieleze jambo hilo, maana wengi wenu mtausoma mchezo wenyewe, na Kidato cha Tatu watauigiza muhula ujao.

Mwandishi na wakati wake

Nikolai Gogol alizaliwa mwaka 1809 katika nchi ya Ukraine, iliyokuwa wakati ule chini ya utawala wa Tsar, mfalme wa Urusi. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alikwenda St. Petersburg, mji mkuu wa siku zile, akapata kazi ya ukarani serikalini. Huko aliyaona maisha ya maofisi kwa macho yake. Watumishi wa serikali waligawanywa katika madaraja kumi na manne. Mwenye daraja la chini alimwogopa aliye juu yake, naye akamtisha aliye chini yake, na hivyo hofu ikashuka kama maji ya mvua toka paani hadi uani.

Mwezi wa Oktoba 1835 Gogol alimwandikia barua mshairi mkubwa wa Warusi, Pushkin, akimwomba ampe kisa chochote cha Kirusi ili apate kuandika mchezo wa kuchekesha. Inasimuliwa kwamba Pushkin mwenyewe, alipokuwa safarini mwaka 1833, alidhaniwa kuwa mkaguzi aliyetumwa kwa siri, na kwamba kisa hicho ndicho alichompa rafiki yake.

Mchezo huo, kwa Kirusi Revizor, ulichezwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1836, kwa kalenda ya zamani ya Kirusi, katika jumba la Alexandrinsky mjini St. Petersburg. Haukuwa mchezo wa kupita kwa urahisi mbele ya wakaguzi wa maandishi. Mshairi Zhukovsky aliusemea kwa wakubwa, na Tsar Nicholas wa Kwanza mwenyewe akatoa ruhusa. Usiku ule wa kwanza Tsar alikuwapo, akacheka sana, na yasemekana alikiri kwamba kila mtu amepata fungu lake katika mchezo ule na yeye amepata kubwa kuliko wote. Maofisa wengine hawakupendezwa, wakasema Gogol ameitukana nchi. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Gogol aliondoka Urusi, akaishi ng'ambo miaka mingi, hasa Roma. Alifariki Moscow mwaka 1852.

Mchezo huu umekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili pia, kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Atakayeupata ausome, hatajuta.

Hadithi ya mchezo wenyewe

Katika mji mdogo ulio mbali sana na mji mkuu, Mkuu wa Mji anawaita wakubwa wenzake nyumbani kwake na kuwapa habari mbaya: mkaguzi anakuja kutoka St. Petersburg, tena anakuja kwa siri. Wote wanashtuka, kwa kuwa kila mmoja anajua lililo nyumani kwake. Hakimu hupokea hongo, ila yeye hujitetea kwamba hapokei fedha, hupokea watoto wa mbwa wa kuwindia tu. Na katika chumba cha mbele cha mahakama mlinzi anafuga mabata bukini. Mkuu wa Posta hufungua barua za watu na kuzisoma kwa ajili ya kujifurahisha. Katika hospitali wagonjwa wamechafuka, na daktari ni Mjerumani asiyejua hata neno moja la Kirusi.

Shule nayo haikusahauliwa. Msimamizi wa Shule ni mtu mwoga kuliko wote. Anao walimu wa ajabu: mmoja hawezi kupanda jukwaani bila kukunja uso wake, na mwingine, wa historia, akifika habari za Aleksanda Mkuu hushikwa na moto hata akavunja viti. Mkuu wa Mji anasema Aleksanda ni shujaa kweli, lakini viti vinavunjwa kwa nini, navyo ni mali ya serikali? Nilipolisoma jambo hili darasani wanafunzi walimtazama mwalimu wao wa historia, naye alicheka pamoja nao.

Sasa sikilizeni maagizo anayoyatoa Mkuu wa Mji. Haagizi wagonjwa watibiwe. Anaagiza wavikwe kofia safi, na juu ya kila kitanda yaandikwe maneno ya Kilatini. Haagizi mji ujengwe. Anaagiza ua mbovu ubomolewe na nguzo ya kupimia isimamishwe pale, ili ionekane kama kuna mpango wa ujenzi. Kuna fedha za kujenga kanisa zilizotolewa miaka mitano nyuma. Anawaambia wenzake kwamba wakiulizwa waseme kanisa lilianza kujengwa likaungua.

Wakati huo huo wanakuja mabwana wawili wenye mashamba, Bobchinsky na Dobchinsky, wakihema. Wamemwona mgeni katika nyumba ya wageni. Amekaa pale wiki mbili, halipi deni, hatoki, na alipopita mezani kwao alichungulia hata sahani zao. Huyo, wanasema, ndiye! Asipokuwa mkaguzi, kwa nini achungulie sahani za watu?

Ukweli ni kwamba mgeni huyo, Khlestakov, alichungulia sahani kwa sababu ana njaa. Ni karani wa daraja la mwisho kabisa kutoka St. Petersburg, kijana mwenye kichwa chepesi, aliyeliwa fedha zake zote katika mchezo wa karata njiani. Mkuu wa Mji anapoingia chumbani kwake, Khlestakov anadhani amekuja kumtia gerezani kwa sababu ya deni. Naye Mkuu wa Mji anadhani amekuja kufukuzwa kazi. Wote wawili wanatetemeka, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha mchezo wote.

Khlestakov anachukuliwa nyumbani kwa Mkuu wa Mji, analishwa, ananyweshwa, na ulimi wake unafunguka. Anaanza kwa kusema uongo mdogo, kisha unakua kama moto katika nyasi kavu. Nyumbani kwake, anasema, tikiti maji moja huwa la rubli 700, na supu huletewa katika sufuria kwa meli kutoka Paris. Siku moja walitafuta mtu wa kuongoza idara, wakamtumia matarishi 35,000. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba hakupanga kuwadanganya. Anasema kwa sababu wanasikiliza, na kadiri wanavyozidi kutetemeka ndivyo anavyozidi kupanda cheo.

Kesho yake wanaingia mmoja mmoja kumsalimu, naye anawaomba "mkopo". Hakimu anatoa 300, Mkuu wa Posta 300, Msimamizi wa Shule 300, Msimamizi wa Hospitali 400. Bobchinsky na Dobchinsky wanaombwa 1,000, wanapapasa mifuko hata ya ndani, wanapata 65. Zijumlisheni wenyewe. Mkuu wa Mji amekwisha kutoa 400 zake jana. Baada yao wanakuja wenye maduka na wanawake wa mji kulalamika. Mmoja ni mjane wa sajini aliyechapwa viboko bila kosa, ambaye Mkuu wa Mji amemwambia mkaguzi kwamba alijichapa mwenyewe.

Khlestakov anamposa binti wa Mkuu wa Mji, kisha anaondoka kwa farasi wa mbio akisema atarudi. Mkuu wa Mji anaanza kuota cheo cha jenerali. Ndipo anapoingia Mkuu wa Posta na barua mkononi. Ameifungua, kama ilivyo desturi yake, na ndani yake Khlestakov anamsimulia rafiki yake jinsi wajinga hawa walivyompa fedha. Kabla hawajamaliza kulaumiana, askari anaingia na kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika kutoka St. Petersburg na anawaita mara moja. Wote wanaganda kama mawe. Gogol aliagiza wakae hivyo, kimya, karibu dakika moja na nusu, kisha pazia lishuke.

Hadithi ya sinema

Sasa tuangalie waliotengeneza sinema walifanya nini. Mkurugenzi wake ni Henry Koster, na kampuni ni Warner Bros. Wameuondoa mji kutoka Urusi wakauweka katika nchi isiyotajwa wazi, mji uitwao Brodny, wakati majeshi ya Napoleon yalipokuwa yametapakaa Ulaya. Mkaguzi ni mtu wa Napoleon.

Georgi si karani wala mcheza karata. Ni kijana asiyejua kusoma, anayezunguka na mjanja mmoja jina lake Yakov, wakiuza dawa ya uongo inayodaiwa kuponya kila ugonjwa. Siku moja, kwa moyo wake mwepesi, Georgi anashindwa kuificha kweli, na watu wanajua kwamba dawa haina maana. Wanakimbizwa, na Yakov anamfukuza. Njaa inamfikisha Brodny, ambako mkuu wa polisi anamkamata kama mzururaji na kumhukumu kunyongwa ili aonekane kuwa mtu wa kazi. Kisha habari za mkaguzi wa siri zinafika. Meya na madiwani wake, ambao wote ni binamu zake, wanamdhania Georgi kuwa ndiye.

Kuanzia hapo ni Danny Kaye mwenyewe. Mtu huyu alizaliwa New York, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ukraine, nchi ile ile alikozaliwa Gogol. Alikuwa na ulimi mwepesi ajabu, uso unaogeuka kama mawingu, na mikono inayosema kuliko maneno. Nyimbo za picha hii alizitunga mke wake, Sylvia Fine. Mtakumbuka pale Georgi anapojifunza kuwa mkubwa, na vichwa vyake mwenyewe vikatokea hewani vikaimba pamoja naye, kila kimoja kikimwelekeza jinsi ya kujikweza. Ninyi mlicheka, nami nilicheka.

Yakov anamfuata na kumshawishi abaki azikusanye hongo. Wakubwa wa mji wanatoa, lakini pia wanajaribu kumwua. Mwisho mkaguzi wa kweli anafika na kuona kwamba Georgi, japo ni mjinga kidogo, ndiye mtu mwaminifu kuliko wote aliokutana nao. Meya anavuliwa mkufu wake wa dhahabu, Georgi anavikwa yeye na kufanywa meya, anampata Leza, msichana wa jikoni aliyempenda, na hata Yakov anapewa ukuu wa polisi.

Watu wengine nao waliutengenezea mchezo huu sinema. Wahindi walitoa picha iitwayo Afsar mwaka 1950, akicheza Dev Anand, na Warusi wenyewe walitoa yao mwaka 1952. Hii ya Marekani ndiyo rahisi kuipata, maana haki zake hazikuandikishwa upya huko Marekani, na sasa ni mali ya umma.

Kilichobadilika

Wanafunzi, mtu asidhani naidharau sinema. Hadithi ikihamishwa kutoka jukwaani kwenda katika filamu hapana budi ibadilike. Kubadilisha mji, nyimbo na majina si kosa. Lakini kuna badiliko moja lililogeuza maana ya kicheko chetu.

Katika mchezo wa Gogol hatuna pa kujificha. Hatutaki kuwa Mkuu wa Mji, wala Hakimu, wala Mkuu wa Posta. Hatutaki kuwa Khlestakov, maana naye ni mwongo na mla fedha za watu. Hata wenye maduka wanaodhulumiwa si wasafi, kwa kuwa Mkuu wa Mji anawakumbusha jinsi alivyowasaidia kuiibia serikali. Kila upande tukigeuka twakuta uso ambao hatuutaki, nao unafanana na wetu. Karibu na mwisho Mkuu wa Mji anawageukia watazamaji na kuwauliza wanacheka nini, kisha anawaambia kwamba wanajicheka wenyewe. Mwaka 1842 Gogol aliongeza mbele ya kitabu methali ya watu wake, ambayo maana yake ni kwamba mwenye sura iliyopinda asikilaumu kioo.

Katika sinema tumepewa mlango wa kutokea. Tumepewa Georgi. Mara tu anapoingia, kila mtazamaji anaketi upande wake, na kutoka hapo anawacheka meya na binamu zake kama watu wa mbali. Kisha mkufu wa dhahabu unamvaa Georgi, na sisi twajiona tumevikwa pamoja naye. Twatoka ukumbini tumefurahi, wala hatukuulizwa neno.

Nilipoeleza haya darasani, yule msichana aliyejibu siku ya kwanza alisimama tena. Akasema, "Mwalimu, kama katika mchezo hakuna mtu mwema hata mmoja, mtoto atajifunza wema kwa nani?" Lilikuwa swali zuri, na watu wazima waliomlaumu Gogol siku zake waliuliza lile lile. Gogol aliwajibu kwamba katika mchezo wake yumo mmoja mwaminifu ambaye hawakumwona, naye ni kicheko. Maana yake ni hii: anayecheka uovu amekwisha kuutambua. Ila kicheko hicho chafaa tu kikirudi nyumbani kwa mwenyewe.

Na msichana yule alinifundisha nami jambo. Alisema Georgi si mwema kwa sababu alipewa mkufu, ni mwema kwa sababu alisema kweli juu ya dawa, na kwa kusema kweli akakosa chakula. Jambo hilo nilikuwa nimelipita. Katika sinema sehemu hiyo ni fupi, imo mwanzoni, na watu hucheka tu. Lakini ndiyo sehemu inayostahili kukumbukwa kuliko mkufu.

Hofu ndiyo iliyomfanya mkaguzi

Angalieni tena mchezo. Ni nani aliyemfanya Khlestakov kuwa mkaguzi? Si yeye. Hakusema, "Mimi ni mkaguzi." Hakuna aliyemwuliza barua yake ya kazi. Waliomfanya ni watu wenye jambo la kuficha. Mtu aliyekwisha kuiba husikia kila mlango unaogongwa kama ni askari. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nasi twaweza kuongeza kwamba mwenye kovu humwona kila mpita njia ameshika kisu.

Tena hofu yao haikuwafanya watende mema hata kidogo. Hakuna mgonjwa aliyepona kwa kuvikwa kofia safi. Mjane wa sajini hakulipwa. Hofu ya mkaguzi iliwafundisha kupaka chokaa tu. Kwa sababu hiyo Gogol hakumwonyesha mkaguzi wa kweli. Twasikia kwamba amefika, na pazia lashuka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Je, huyo naye akiwa mla hongo?" Gogol hasemi. Katika sinema mkaguzi wa kweli anakuja kama mwokozi na kutengeneza yote kwa dakika chache. Katika maisha, mji unaomngojea mkaguzi autengeneze utangoja sana.

Kisa changu

Sitakuwa mkweli nikiwafundisha haya kama mtu aliyeketi upande wa Georgi. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaja hapa, nilifundisha katika shule nyingine ambayo sitaitaja. Siku ya Jumatatu tuliambiwa kwamba wakaguzi watakuja Alhamisi. Tukapaka chokaa mawe ya njiani. Tukaazima vitabu kutoka shule jirani tukavipanga katika rafu zetu zilizokuwa tupu. Waliovibeba kuja ni wanafunzi, na waliovibeba kuvirudisha Jumamosi ni wao hao hao, navyo hawakupata kuvisoma.

Mimi nilikuwa na somo la Kiswahili, ngeli za majina. Nikawafundisha Kidato cha Pili somo lile Jumanne, nikalirudia Jumatano, kwa mifano ile ile, ili Alhamisi mikono iinuke upesi. Na kweli iliinuka. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyekaa nyuma ya darasa na daftari lake. Mwisho wa somo akaomba ruhusa, akawapa wanafunzi neno moja ambalo halikuwamo katika mifano yangu. Mikono yote ikashuka. Mvulana wa mbele, mtoto mwenye adabu sana, akasimama akasema, "Samahani, Mama, hilo hatukulifanya jana."

Nilisimama na chaki mkononi. Kama mwataka kujua dakika moja na nusu ya Gogol ina urefu gani, mimi naijua. Yule mama aliandika kitu, akatushukuru, akatoka.

Lakini sicho kilichoniuma. Jioni mvulana yule alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu, macho chini, akasema, "Mwalimu, nisamehe, nimekuharibia." Mtoto aliyesema kweli alikuja kuomba radhi kwa mtu aliyempangia uongo. Nilimwambia hakukosa. Sikumwambia ni nani aliyekosa. Nilipousoma mchezo wa Gogol baadaye, na kufika pale pa kofia safi na maandishi ya Kilatini, nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Hatukuwa wezi katika shule ile. Walimu walikuwa watu wa kazi, na upungufu wa vitabu haukuwa kosa letu. Lakini kama tungeziacha rafu tupu, mkaguzi angeona kwamba hatuna vitabu, na labda angeandika hivyo. Kwa kuzijaza tulimzuia kuona, na watoto wakaendelea kukosa. Kumdanganya mkaguzi ni kumdanganya daktari: dawa atakayotoa itakuwa ya mtu mwingine.

Neno la mwisho

Muhula ujao Kidato cha Tatu watauigiza mchezo wenyewe, si sinema, mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Wamekwisha kuanza mazoezi ya ile sehemu ya mwisho ya kuganda. Ni ngumu kuliko wanavyodhani. Siku ya kwanza walishindwa kufika hata nusu dakika, maana kila mara mmoja aliangua kicheko.

Wazazi wetu wapendwa, njooni. Mtacheka, nawaahidi. Lakini Mkuu wa Mji atakapowageukia na kuwauliza mnacheka nini, msigeuke kumtazama jirani. Walimu tutakuwa tumeketi mstari wa mbele, naye atatuuliza sisi kwanza.

Maswali ya kufikiri na kujibu

1. Kwa nini Khlestakov na Mkuu wa Mji wanaogopana wanapokutana mara ya kwanza? Eleza jinsi hofu hiyo inavyoleta kichekesho.

2. Taja maagizo matatu ya Mkuu wa Mji, na kwa kila moja useme lilificha nini.

3. Linganisha Khlestakov na Georgi. Ni yupi anayestahili zaidi kulaumiwa, na kwa nini?

4. Kama ungekuwa mtengeneza sinema, ungemwonyesha mkaguzi wa kweli au ungemficha kama Gogol alivyofanya? Toa sababu.

5. Andika mazungumzo mafupi baina ya mwalimu na yule mvulana aliyekuja kuomba radhi, ambamo mwalimu anasema lile ambalo hakulisema.